AFYA YA FAMILIA: Jipu Linaporudi



Huku kwetu Kibondo ni nyumba chache zisizojua majipu. Mtoto anapona pajani, baada ya wiki mbili jingine limetokea kwapani, kisha mdogo wake naye. Jirani anasema ni damu chafu, mwingine anataja kulogwa. Sivyo. Ni kijidudu kiitwacho stafilokoka. Karibu watu 3 katika kila 10 wanakibeba puani bila kuugua. Mtoto akichokonoa pua kisha akajikuna penye upele, amekipanda.

Wengi hukimbilia dukani na kununua vidonge vya rangi mbili, 4 tu, kadiri ya fedha iliyopo. Lakini stafilokoka walio wengi wanaivunja amoksilini. Kloksasilini huwaweza zaidi, na mganga ndiye aipime kwa uzito wa mtoto. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928 katika sahani ya kijidudu hiki hiki, alionya mwaka 1945 kwamba dozi pungufu huwazoesha vijidudu kuishinda dawa.

Tena jipu dogo mara nyingi halihitaji vidonge. Likande kwa kitambaa safi na maji ya moto, mara 3 au 4 kwa siku, mpaka liive. Usilikamue. Likiwa kubwa, zahanati watalipasua usaha utoke. Nabii Isaya alipoagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, mfalme alikuwa amekwisha kuomba. Maombi na tiba havigombani.

Ili lisirudi:
- Kila mtu awe na taulo lake.
- Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, zipigwe pasi.
- Kucha ziwe fupi, watu waoge kwa sabuni.
- Upele utibiwe kwa nyumba nzima siku moja.

Usingoje ukiona homa, wekundu unaosambaa, jipu karibu na pua au jicho, titi la mama anayenyonyesha limevimba na kuuma, au nyama ya paja imekuwa ngumu yenye maumivu. Mtu mzima anayerudiwa na majipu apimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Kupima si aibu.

Mama, ukipewa dozi imalize, hata kama jipu limekauka siku ya tatu. Jirani akiomba vidonge, usimgawie, msindikize zahanati. Huo ndio upendo. Bwana awabariki.