Mafunzo ya Ndoa: Kifaa cha kwanza kichaguliwe na mwenye mwili

Yako mambo ambayo jamii yetu huyafundisha kwa mafumbo, na mafumbo hayo yana adabu yake. Mwali huwekwa ndani, somo wake akamketisha mkekani, akamfunza habari za shanga, za asumini, za udi, na za maneno ya kumlainisha mume aliyerudi amechoka. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu huachwa: afanye nini mwali huyo iwapo siku ya siku mwili wake utakataa? Hapo somo huinamisha kichwa, au husema, "Vumilia, mwanangu, kila mwanamke amepitia."

Leo tunakusudia kulizungumza jambo hilo waziwazi, kwa lugha ya heshima. Mazungumzo haya ni ya watu wazima waliomo katika ndoa. Wazazi wanaosoma gazeti hili pamoja na watoto wao wawape watoto kurasa nyingine kwanza.

Tuchukue mfano wa bwana na bibi waliooana wakiwa wanapendana kweli. Kila wanapokaribiana, bibi hukaza mapaja bila ya kutaka, misuli ya uke hujibana kama mlango uliokomelewa kwa ndani, na maumivu yake ni kama ya kuchomwa kwa moto. Wiki ya kwanza bwana hudhani ni haya za bibi arusi. Mwezi wa tatu hudhani hapendwi. Mwezi wa sita mawifi wamekwisha kupata habari, na neno linalozunguka nyumbani ni jini mahaba. Mganga huitwa, kuku huchinjwa, fedha hutoka. Mwezi wa tisa wazee hukaa kitako kuzungumzia talaka, na bibi, ambaye hakutenda kosa lolote, hurejeshwa kwao akiwa na jina baya.

Hakuna jini

Hali hiyo inajulikana katika elimu ya tiba kwa muda mrefu. Daktari J. Marion Sims wa Marekani aliipa jina katika miaka ya 1860. Dawa yake ilikuwa kisu: alikata, kisha akaweka kipande cha kioo ili njia isijifunge. Tunashukuru kwamba tiba haikukomea hapo. Mwaka 1970, William Masters na Virginia Johnson, waliofanya kazi katika mji wa St. Louis, walitoa kitabu kilichoeleza njia ya upole: mume na mke wafundishwe pamoja, kisha vitumike vijiti laini vya kitabibu, kuanzia chembamba kabisa hadi kinene, hatua kwa hatua, bibi akiwa ndiye mwenye amri.

Vijiti hivyo huitwa vipanuzi, na jina hilo linapotosha. Havipanui kitu. Uke wa mwanamke ni kiungo kinachonyumbuka, na hauhitaji kupanuliwa na mtu. Kinachotakiwa ni kuifundisha misuli ya nyonga kwamba kuguswa si hatari, ili iache kujilinda. Mfano wake ni jicho: ukilisogezea kidole ghafla hufumba lenyewe, wala halifumbi kwa ukaidi. Ukitaka lisifumbe, huna budi kulizoesha polepole.

Lakini si kila maumivu yanatokana na kujibana kwa misuli. Magonjwa ya zinaa, fangasi, uvimbe katika kizazi, ukavu wa mama anayenyonyesha na ukavu wa mama aliyekoma hedhi, vyote huleta maumivu, na kila kimoja kina tiba yake. Waliofanyiwa ukeketaji, hasa ule wa kushonwa, wanaweza kuwa na kovu ambalo kifaa chochote kitalichubua tu. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla ya kununua kitu ni kumwona daktari wa akina mama. Mwenye kutokwa na damu, usaha au uchafu wenye harufu asianze mazoezi yoyote mpaka amepimwa.

Kifaa kisichouzwa

Kifaa cha kwanza kilicho cha upole kuliko vyote ni kidole cha bibi mwenyewe. Hakina bei, kina joto la mwili, na kina hisia pande zote mbili: kinapogusa hujua kinachogusa. Kucha zikatwe na kusuguliwa, mikono ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, mlango ufungwe, na saa isiangaliwe.

Bibi alale chali, magoti yainuke, avute pumzi hadi tumbo lijae, aitoe taratibu. Kisha abane misuli ile ambayo mtu huibana anapozuia haja ndogo, ahesabu hadi 3, ailegeze, ahesabu hadi 6. Wengi hudhani faida imo katika kubana. Kwa hali hii faida imo katika kulegeza. Siku za kwanza yatosha kuweka kidole nje tu, pasipo kuingiza. Misuli ikikubali, ncha ya kidole iingie wakati wa kulegeza. Ikikataa, kidole kibaki pale pale kilipo, wala kisiondolewe kwa hofu wala kusukumwa kwa hasira. Maumivu yakiwa makali, kazi ya siku hiyo imekwisha, na hakuna aliyeshindwa.

Kuchagua

Ndoa nyingine hutengenea kwa kidole peke yake. Nyingine huhitaji kifaa, na hapa ndipo uchaguzi unapohitaji akili, kwa maana anayeanza huvutwa na vikubwa, vya rangi rangi na vya bei rahisi, na vyote vitatu vinaweza kumdhuru.

Unene uwe wa kwanza kuangaliwa. Seti za vipanuzi huanza na kimoja kisichozidi sana unene wa kidole cha mwisho. Anza na hicho hata kama unahisi ni cha kitoto. Kipimo cha kufaa ni kuingia bila maumivu, si kufanana na mume. Muda wa dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa wiki au zaidi, watosha. Unahamia cha pili pale ambapo cha kwanza kimekuwa kitu cha kawaida usichokiogopa, iwe ni baada ya wiki 1 au baada ya miezi 2.

Pili, tazama kimetengenezwa kwa nini. Kilicho bora kwa anayeanza ni silikoni ya kitabibu, kwa sababu haina vitundu vya kuficha vijidudu, hujikunja kidogo, na ile isiyo na mota huweza kuchemshwa kwa dakika chache. Plastiki ngumu iliyo nyororo nayo huoshwa kwa urahisi, ila haina ulaini. Jihadhari na vile vya mpira laini unaonata mkononi na kunuka kama kiatu kipya. Harufu hiyo mara nyingi hutokana na kemikali zinazochanganywa ili kuilainisha plastiki. Baadhi ya kemikali za namna hiyo Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mwaka 2005 katika vitu vya kuchezea vya watoto. Kisichomfaa mtoto mkononi hakimfai mama yake ndani ya mwili.

Tatu, pitisha kidole juu yake chote, umefumba macho. Ukihisi ukingo wa muungano, mkwaruzo au ufa, kiache. Nne, kiwe na kitako kipana cha kushikia. Tano, kiwe cha mtu mmoja. Kifaa hiki hakiazimwi kwa dada wala kwa shoga wa karibu, kama vile mswaki usivyoazimwa, kwa kuwa huweza kupitisha maradhi.

Wako wanaotafuta vitu vya nyumbani kwa kuona aibu ya kuuliza: mshumaa, shingo ya chupa, tango. Mshumaa hukatika. Chupa huweza kuvunjika au kuvuta nyama kwa ndani. Tango lina udongo na dawa za shambani. Mwenye aibu ya kumuuliza daktari swali moja huenda akalazimika kumweleza madaktari watano wa zamu.

Viko pia vifaa vya starehe vya watu wazima, vidogo, vya betri, vyenye kutetemeka. Kwa anayeanza, kilicho cha upole ni kile kinachotumika nje ya mwili tu, chenye mtetemo mdogo unaoweza kupunguzwa. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 3533 kwa ajili ya usalama wa vifaa hivyo, na mnunuzi ana haki ya kuuliza kama kilichomo mkononi mwake kimekifuata. Hata hivyo sheria hutofautiana. Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 175, inakataza biashara ya vitu vichafu na vyenye kupotosha maadili. Vipanuzi vya tiba ni vifaa vya matibabu, na njia yake iliyonyooka ni kwa daktari. Anayetaka kuagiza kitu cha starehe ajue kwanza sheria ya nchi anamoishi.

Ulainisho

Kifaa kizuri kikiwa kikavu ni kibaya. Tumia jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, isiyo na manukato, isiyo na ladha, na isiyodai kuleta joto. Uke wenye afya una uchachu wake unaoulinda, na jeli inayofaa hukaribiana na uchachu huo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake walitoa ushauri kwamba jeli zilizo nzito mno kwa viungo vyake, kama zile zilizojaa gliserini, hunyonya maji kutoka katika ngozi laini ya ndani na kuichubua. Soma maandishi ya kasha, na gliserini ikitajwa mwanzoni mwa orodha, tafuta nyingine.

Jeli ya silikoni usiitumie kwenye kifaa cha silikoni, maana huweza kukiharibu. Mafuta ya nazi, ya kupikia, na ya mgando ya kujipaka huidhoofisha mipira ya kondomu kwa muda mfupi sana, hata ikapasuka. Mate hukauka upesi. Dawa ya ganzi usiiguse kabisa, kwa sababu maumivu ndiyo kengele ya hatari, naye aliyeinyamazisha kengele hatajua nyumba inapoungua.

Na kuna desturi ambayo hatuna budi kuitaja kwa jina: kujikausha kwa shabu, kwa majani, au kwa unga wa mitishamba, ili mume aone bibi amebana. Kubana huko ni ukavu na michubuko, na michubuko hurahisisha kuingia kwa vijidudu, vikiwamo vya UKIMWI. Bibi anayejikausha usiku na kutafuta dawa ya maumivu asubuhi anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Somo anayempenda mwanawe na amwachishe.

Neno kwa bwana

Bwana, usije ukanunua kifaa mjini ukakiweka mtoni usiku kama zawadi ya ghafla. Nia yako yaweza kuwa njema, lakini mwili unaojilinda utakiona kama silaha nyingine. Kaeni mchana, mkiwa mmevaa nguo zenu, mzungumze. Bibi achague yeye, akishike yeye, akiingize yeye, akitoe yeye. Kazi yako mwanzoni ni kuwa karibu pale anapokuhitaji na kuwa mbali pale anapohitaji upweke. Neno lake la "basi" liwe ndilo la mwisho, na usilijibu kwa kununa wala kwa kugeukia ukutani.

Katika muda huo wa mazoezi, afadhali mkubaliane kuliacha kabisa tendo lenyewe na kubaki na mambo mengine ya mapenzi, ambayo ni mengi. Mume huogopa kwamba akiacha atakuwa ameshindwa. La hasha. Mara nyingi ni pale mke anapokuwa na hakika kwamba hatalazimishwa ndipo misuli yake inapoanza kuamini. Kumlazimisha mke ni kumuumiza, hata kama mahari ililipwa yote na mashahidi wapo.

Nanyi wakwe na mawifi, tunawaomba jambo dogo. Ndoa changa ikichelewa, msihesabu miezi kwa sauti. Msiulize habari za shuka. Kama mmeona bibi amekonda na macho yamemvimba, mpelekeni hospitali kabla ya kwenda kwa mganga, na akirudi msimtake awaeleze aliyoambiwa na daktari.

Baada ya kila matumizi kifaa kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kikaushwe kabisa, kitiwe ndani ya kitambaa safi, kiwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Kikipasuka au kuanza kunata, kitupwe.

Mwisho wa kazi yote, kifaa hicho hubaki sandukuni na kusahauliwa, na hiyo ndiyo dalili kwamba kimefanya kazi yake. Wapo watakaofika baada ya wiki chache, wapo watakaofika baada ya mwaka. Na wewe bibi unayeyasoma haya kwa siri huku umeikunja karatasi, fahamu kwamba huna jini, huna kilema, na hukumkosea mumeo. Nenda kituo cha afya wiki hii, mwambie daktari neno moja tu: "Naumia." Kuuliza yaliyosalia ni kazi yake.