Tusiwapokonye Ufunguo

Muhula uliopita, katika kikao cha walimu wa shule moja ya hapa Kayole nifundishapo, ilipendekezwa kwamba vijana watano wa chama cha wanafunzi Wakristo wapokonywe ufunguo wa chumba wanamofanyia mazoezi ya muziki. Kosa lao ni kuimba ibadani kwa gitaa la umeme na kwa mtindo wa kufokafoka, tena kwa Sheng. Mwenzetu mmoja, ambaye namheshimu sana, alishikilia kuwa muziki huo ni wa disko na kamwe hauwezi kumtukuza Mungu. Uamuzi uliahirishwa. Kwa kuwa sikupata nafasi ya kusema siku ile, naomba niseme hapa.

Ubishi huu si mgeni duniani. Mwaka wa 1972, katika mji wa Fort Wayne nchini Marekani, vijana wanne waliunda bendi wakaiita Petra, neno la Kigiriki lenye maana ya mwamba. Walipiga roki yenye magitaa ya kunguruma, ilhali maneno yalikuwa ya Injili. Waumini wengi waliwatilia shaka kwa sababu ya ngoma, nao wapenzi wa roki wakawaona wahubiri. Hawakuacha. Waimbaji walibadilika: John Schlitt, aliyejiunga mwaka wa 1986, alikuwa ametoka katika Head East, bendi ya muziki wa kidunia. Albamu yao ya 1990, Beyond Belief, iliwapatia tuzo ya Grammy, na walipostaafu mwaka wa 2005 walikuwa wametimiza miaka 33. Sijui ni kamati ngapi za shule zinazoweza kudumu nusu ya muda huo bila kuvunjika.

Lakini ya nini kwenda Marekani, ilhali Dandora ni jirani yetu? Juliani, ambaye jina lake halisi ni Julius Owino, alikulia huko, katika mtaa ambao wengi wanaujua kwa jaa la taka tu. Alianzia katika kundi la Ukoo Flani Mau Mau. Alipookoka hakubadili mdundo wala lugha, alibadili ujumbe. Mwaka wa 2008 alitoa albamu ya Mtaa Mentality, na mwaka wa 2011 akatoa Pulpit Kwa Street, jina ambalo kwangu mimi linatosha kuwa hotuba: mimbari imeteremshwa hadi barabarani. Wimbo wake Utawala unagusa uongozi mbovu na wajibu wa raia. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa fasihi simulizi ya mjini ataupata humo bila kupanda matatu hadi maktaba ya jijini.

Nakiri kwamba mwenzangu ana hoja. Wapo wanamuziki waliouvaa wokovu kama koti la mvua, wakalivua jua lilipowaka. Zipo pia nyimbo zinazoitwa za Injili ambazo ukiziondolea mdundo hubaki jina la Mungu likirudiwa kama kasuku. Hilo, hata hivyo, ni dosari ya maneno, na maneno ndiyo kazi yetu sisi walimu. Kwa nini basi tuliadhibu gitaa?

Niliwaomba wale watano waniletee daftari lao. Wimbo mmoja wamuhusu mama auzaye sukumawiki kandokando ya Spine Road, anayeomba mvua isinyeshe kabla hajauza fungu la mwisho. Beti la tatu lilikuwa na makosa ya upatanisho wa kisarufi, nikayasahihisha kwa kalamu nyekundu kama nifanyavyo kwa insha yoyote. Mwandishi wa beti hilo alikuwa ameacha shule kwa muhula mzima. Hakurudi kwa sababu ya mahubiri ya paredi, wala kwa sababu ya barua tulizomwandikia mzazi wake. Alirudi kwa kuwa wenzake walihitaji mpiga ngoma.

Kikao kitaendelea Ijumaa ijayo. Ufunguo kwa sasa umo katika droo ya meza yangu, na nimewaandikia wenzangu barua ya kupendekeza kwamba urejeshwe kwa vijana, kwa sharti moja: kila wimbo mpya usomwe na mwalimu wa lugha na wa elimu ya dini kabla ya kuimbwa ibadani. Nimejitolea kuwa wa kwanza kusoma.