Ini Lenye Mafuta kwa Mama Asiyekunywa Pombe

Siku hizi akina mama wengi wanarudi kutoka kupigwa picha ya altrasaundi wakiwa wameandikiwa kwamba wana "ini lenye mafuta". Mama mmoja wa huku kwetu Mlalo alikificha cheti chake chini ya godoro, mumewe asije akadhani anakunywa pombe ya miwa kwa siri. Maskini, hajawahi hata kuionja.

Ni kweli pombe hujaza ini mafuta, lakini si pombe peke yake. Ini ni kama ghala. Sukari na wanga tunaokula kupita mahitaji hugeuzwa kuwa mafuta, na sehemu yake hubaki humo humo. Yakifika asilimia 5 ya ini au zaidi, tayari ni ugonjwa. Wenye kisukari na wenye kitambi hupatwa zaidi. Mwaka 2023 madaktari wa mataifa mengi walikubaliana kuubadilisha jina ugonjwa huu, kwa kuwa jina la zamani lilitaja pombe na kuwaaibisha wagonjwa.

Ubaya wake ni ukimya. Kwa kawaida hauumi. Kwa baadhi ya watu ini huvimba, likaingia makovu, mwisho likasinyaa. Wachache hupata saratani. Ukiona macho ya njano, tumbo kujaa maji au kutapika damu, usingoje, nenda hospitali. Omba pia upimwe homa ya ini ya B na C, kwani mtu aweza kuwa na vyote viwili.

Kwetu mama akinenepa baada ya kuolewa, sifa humwendea mumewe. Lakini tazameni: katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2004-05, wanawake 18 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, mwaka 2015-16 walifika 28.

Tiba kubwa ni kupungua, tena polepole. Mwenye kilo 80 akipunguza kilo 6 hadi 8, mafuta hupungua na hata uvimbe wa ini huweza kutulia. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Kujinyima chakula ghafla huweza kulidhuru ini. Mjamzito asijaribu kupungua.

Anza na kikombe cha chai. Vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, ni vijiko 12! Chupa ya soda ya mililita 350 ina vipatavyo 9, na harusini tunakunywa mbili. Plamu au peasi litafune zima badala ya kulikamua juisi. Nusu ya sahani iwe kabichi au mchicha, maharage yawepo, ugali uwe wa ngumi moja. Kahawa bila sukari haina ubaya kwa ini. Wanaoinywa huonekana kuwa na makovu machache.

Mama anayelima kwenye miteremko yetu ana mazoezi ya kutosha. Anayekaa dukani na kupanda bodaboda hata kwenda kanisani, huyo atembee nusu saa kila siku.

Zile dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa mnadani, ziacheni huko huko. Nyingine ndizo huliumiza. Dawa za kisukari ulizoandikiwa na daktari usiziache, na baada ya miezi 6 rudi ukapimwe uzito, sukari na ini.