Gari za mbao: tusizigeuze kuni kabla ya kufikiri

Wadau, leo niacheni nigombe kidogo. Barza nyingi ninazokaa hapa mjini nakuta hoja ile ile: gari za mbao zinatia aibu, zinaharibu sura ya mji, ziondoshwe zote tuletewe mabasi ya kisasa. Wanaosema hivyo wengi ni vijana wenzangu, tena tuliosoma. Mimi nakataa.

Kwa msomaji asiyezijua: gari ya mbao ni pikapu au lori dogo la Kijapani ambalo fundi wetu ameling'oa sehemu ya nyuma na kulijengea bodi upya. Ndani mna mabenchi yanayotazamana. Paa liko chini, unaingia kwa nyuma umeinama, na juu kuna reli za kufungia mizigo. Pembeni ni wazi, upepo unapita, na mvua ikija turubai linashushwa. Hakuna kiwanda duniani kinachotengeneza gari hiyo. Imebuniwa na maseremala na mafundi chuma kwa ajili ya barabara zetu, joto letu na mizigo yetu.

Kwingine kazi ya kuigeuza gari ya kiwandani kwa mkono ina heshima yake. Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa California walinunua Ford kuukuu, wakang'oa madigadi na kufunga injini zenye nguvu. Gari hizo ziliitwa hot rod. Chevrolet ya 1955 ilipotoka na injini mpya ya V8, nayo ikaingia mikononi mwao: wakaishusha bodi, wakang'oa nembo na vitasa vya milango, wakaipaka rangi waitakayo. Walionekana wahuni, na kweli wengine walishindana mbio katika barabara za watu.

Wakafanywa nini? Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha chama cha NHRA. Kikaweka kanuni za usalama, ukaguzi wa gari na mahali maalumu pa kushindania. Leo gari za aina hiyo zimo katika makumbusho ya Petersen, Los Angeles, yaliyofunguliwa 1994, na matajiri wanazigombania minadani. Kazi ile ile ya uhuni!

Tusiende mbali. Kenya mwaka 2004 ilibana matatu kwa kanuni kali: vidhibiti mwendo, mikanda, na mstari wa njano ubavuni. Michoro mingi ikafutwa. Miaka kumi baadaye, 2014, Rais Uhuru Kenyatta akawatetea vijana wanaochora matatu, akisema ile ni ajira yao. Usalama ni jambo moja na sanaa ni jambo jingine, na wenzetu walichukua miaka kumi kulijua hilo.

Sisi tunajisifu kwa Mji Mkongwe, uliomo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Mgeni akipiga picha mlango wa nakshi tunafurahi. Mlango ule ni kazi ya seremala. Kwa nini seremala wa leo, anayepinda mbao za paa la daladala, tumwonee haya? Au mpaka afe kwanza, mjukuu wake auze picha?

Na abiria wa shamba mmemuuliza? Mama wa Jambiani mwenye viroba vya mwani, mvuvi wa Matemwe mwenye madema, mkulima mwenye mikungu ya ndizi, hao Hiace itawapakia wapi? Gari ya mbao inabeba mtu na riziki yake kwa safari moja. Ukiiondoa bila kuweka mbadala, umemwongezea masikini nauli ya pili.

Sisemi gari hizi ni salama. Mabenchi hayana mikanda, bodi ya mbao haihimili ajali kubwa, juu wanajaza mizigo kupita kiasi, na mzee au mjamzito anateseka kuinama. Hayo ni kweli, na ndiyo maana nataka kanuni. Mafundi wa bodi wasajiliwe. Fremu ya chuma chini ya mbao iwe lazima. Paa liinuliwe, idadi ya abiria na uzito wa mizigo viandikwe na visimamiwe. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni iwape wanafunzi kazi ya kupima bodi hizi na kuchora bora zaidi, wakikaa na mafundi wenyewe. Na gari moja nzuri ihifadhiwe, watoto waione.

Mabasi mapya yaje, nayapokea. Lakini fundi asiambiwe tu afunge karakana aende nyumbani. Ujuzi huu haukuandikwa popote, umo mikononi mwa watu, na watu hao wanazeeka.

Naomba kutoa hoja.