Presha Haiendi Likizo

Huenda umewaona vijana wa vyuo vya Kikatoliki vya ng'ambo wakishuka Kisii, mabegi mgongoni, waje kujifunza kwa kuhudumia. Siwachukii, wengi wana moyo safi, na ugali wanaula bila kulazimishwa.

Lakini pale Birongo kikundi kimoja kilimpima mama mzee presha, kikampa tembe za wiki mbili, kikaenda zake. Zilipokwisha hakwenda kituo cha afya. Aliwangoja wageni wake warudi. Alipoletwa kwangu, mdomo ulikuwa umepinda na mkono wa kulia umelala. Kiharusi.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika mwaka 1987 kwamba mshikamano si huruma ya kupita, ni nia thabiti ya kuwajibika. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 1996, lilitaka dawa za msaada zitokane na mahitaji ya wanaopokea, tena zifike zikiwa zimebakisha angalau mwaka mmoja wa kutumika. Ni maagizo mawili, lakini mimi nayasoma kama moja.

Parokia yako ikitarajia wageni, mwulize padre: majina ya waliopimwa atabaki nayo nani? Heri kijana anayeketi kando ya mwuguzi wetu akijaza daftari, hata kama hakushika kipimo.

Na kama una tembe za presha ulizopewa na mgeni, usingoje ziishe. Zipeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii, wazione.