Kengele ya Saa Sita Ituinue Vitini

Tumezoea kudhani kwamba uchovu wa ofisini ni dalili ya kazi nyingi. Mara nyingi ni dalili ya kiti. Makatibu wa parokia, wahasibu wa jimbo na sisi waseminari tunakaa tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, tukiinuka kwa chai tu. Na hata chai siku hizi tunaletewa.

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa, waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa.

Wapo wanaosema mwili si kitu, roho ndiyo muhimu. Hiyo si imani yetu. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 48 ya Kanuni yake, aliwapangia wamonaki saa za kazi za mikono na saa za kusoma.

Basi kengele ya Malaika wa Bwana ikilia, tusisali tukiwa tumeinamia kompyuta. Tusimame, twende kanisani kwa miguu, na tukirudi tupite njia ndefu. Barua ya ofisi ya jirani tuipeleke wenyewe badala ya kumtuma kijana. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani halidai tena mazoezi ya dakika 10 mfululizo. Hata ngazi chache zinahesabika.

Padre mwenye magoti mabovu afanye kadiri awezavyo. Hatumhesabii mtu hatua.