Ukurasa wa kwanza hauhitaji bando

Mtoto wa darasa la tano huko Tosamaganga, Iringa, anaweza kutengeneza ukurasa wa wavuti hata bila intaneti. Kompyuta kuukuu inatosha: anaandika maneno yake, anayazungushia alama ya h1, ile ya kichwa cha habari, anahifadhi faili kwa mkia wa .html na kulifungua kwenye kivinjari. Akisahau kufunga alama, ukurasa mzima unavimba kwa herufi kubwa. Hapo atasoma kwa makini, pengine kuliko kwenye imla.

Habari za kuandika nazo zipo jirani. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorejeshwa 1954. Wala ukurasa hauhitaji mapambo: tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee, ilikuwa maandishi na viungo tu. Shule zisingoje maabara. Zianze na kompyuta ya mwalimu mkuu, Jumamosi, umeme ukiwapo.